Nimekuwekea Wengine

Mwaka 2011, kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Mangina, nilinunua mtoto wa tumbili kwa huruma. Nasema kwa huruma kwa sababu ndivyo nilivyojieleza siku ile, na ndivyo nilivyomweleza mke wangu nilipofika nyumbani Butembo nimemviringisha ndani ya kipande cha kitenge, kichwa tu kikichungulia. Nilimkuta amefungwa kiunoni kwa uzi wa nailoni kwenye mguu wa meza. Juu ya meza zilipangwa nyama za pori zilizokaushwa kwa moshi, nyeusi tii, vidole vimejikunja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mmoja wa hao waliojikunja ndiye mama yake. Mtoto hakulia. Aliukumbatia mguu wa meza kwa mikono yote miwili, shavu amelilaza kwenye mbao.

Muuzaji akataja bei. Nikaomba anipunguzie. Hapo ndipo aibu yangu ilipo hadi leo: niliona huruma, na bado nikaiombea bei nafuu. Tukaishia kwenye bei ya kuku mmoja wa kienyeji, akafungua uzi, akanipa.

Nyumbani watoto walimwita Kadogo. Katika nchi hii jina hilo halina utani mwingi. Kadogo ni yule mtoto aliyebebeshwa bunduki vitani, ambaye silaha ilikuwa ndefu kumzidi. Lakini watoto wangu hawakuyajua hayo, waliona tu kwamba ni mdogo. Tulimpa maziwa ya ng'ombe yanayoshuka kutoka milima ya Lubero, kwa chupa ya mtoto wa jirani. Akaharisha. Tukampa ndizi, tukampa uji. Usiku alijiviringisha shingoni mwa binti yangu, na sisi tukafurahi kuona amepata mama. Siku ya tisa asubuhi tulimkuta baridi. Tukamzika chini ya parachichi nyuma ya jiko.

Baada ya majuma matatu nilipita tena Mangina kwa mambo ya shule. Yule muuzaji aliniona kabla sijashuka kwenye pikipiki. Akaniita kwa furaha ya mtu anayemwona mteja wake: "Mwalimu! Nimekuwekea wengine." Alikuwa nao wawili, ndani ya tenga la kuku.

Neno hilo, *nimekuwekea*, limenikaa moyoni kuliko mahubiri mengi niliyosikia kanisani. Mtu yule hakuwa mbaya. Alinitendea kama mchuuzi yeyote mwenye adabu anavyomtendea mteja: alikumbuka ninachopenda, akanitunzia. Kumbe siku ile nilipotoa pesa nikidhani naokoa mmoja, nilikuwa natoa oda ya wengine. Sikuwanunua wale wawili. Sikuwaokoa pia. Nilipanda pikipiki nikaondoka, na sijui tenga lile liliishia wapi.

Kuanzia hapo nikawa na swali lililonisumbua. Kama kununua ni kosa, na kupita bila kutazama ni kosa, mtoto wa mnyama aliyekwisha kufiwa na mama yake apelekwe wapi?

Jibu la kwanza nililiona Uganda. Shemeji yangu ni mfanyabiashara, na kama wafanyabiashara wengi wa Butembo, Kampala anaijua kuliko Kinshasa. Likizo moja alinichukua tukapita Kasindi, tukavuka Mpondwe, tukashuka hadi Kampala, na siku aliyokuwa akingojea mzigo wake akanipeleka Entebbe, kando ya ziwa. Pale pana bustani ya wanyama iliyoanza mwaka 1952 kama mahali pa kupokelea wanyama waliojeruhiwa na waliofiwa, ikawa zuu ya kawaida kwa miaka mingi, kisha katika miaka ya 1990 ikageuzwa kuwa kituo cha elimu ya uhifadhi. Shemeji alitaka kuona simba. Mimi nilisimama mbele ya kasuku.

Walikuwa kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, wale wa msitu wetu. Mtunzaji akasema kasuku wa namna ile hukamatwa mpakani, ndani ya masanduku na mabegi, wamebanana, wengine wamekufa njiani. Walio hai huletwa pale. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini sasa imekatazwa, tangu mwaka 2017, chini ya mkataba unaoitwa CITES. Lakini katazo ni karatasi. Afisa wa forodha akishakamata sanduku lenye ndege hai anakuwa na tatizo jipya mikononi: ndege wanataka maji, chakula, daktari, na mahali pa kulala usiku huohuo. Pasipo na mahali hapo, katazo linamwelemea aliyelitekeleza, na mara ya pili atafumba macho. Kabla ya siku ile sikuwa nimefikiri kwamba bustani ya wanyama ni sehemu ya sheria kama vile gereza au mahakama. Nikasimama pale kwa muda mrefu, shemeji akaniita mara mbili.

Sitaki kuwapamba. Nimeona pia, katika nchi yetu, bustani ambayo sitaitaja jina. Maji ya kijani ndani ya beseni, nyani anayenyoosha mkono kati ya vyuma akiomba biskuti, watoto wanaocheka, na mtu mzima anayempa sigara. Mahali kama pale hapaokoi mtu wala mnyama. Kwa macho ya mgeni tofauti haionekani: hapa uzio, pale uzio, hapa tiketi, pale tiketi. Nilipokuwa narudi Kampala ndani ya taksi nikajipatia maswali mawili ya kuuliza mbele ya banda lolote. Huyu alitoka wapi? Na anakwenda wapi? Bustani isiyoweza kujibu la kwanza huenda imenunua kama nilivyonunua mimi. Isiyoweza kujibu la pili ni ghala.

Sisi watu wa Beni tuna sababu ya kuuliza la kwanza kwa sauti. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa akiitumikia serikali yake Uganda, alifika kwenye ngome iliyoitwa Mbeni, katika bonde la Semliki. Alikuwa amewakuta Wambuti waliochukuliwa na Mjerumani mmoja aliyetaka kuwapeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka uleule, watu waonekane kwa kiingilio. Akamzuia, akawarudisha msituni kwao. Njiani aliwauliza habari za mnyama aliyefanana na punda, anayekaa msituni. Walimjua vizuri. Pale Mbeni alipata vipande viwili vya ngozi yenye mistari ambavyo askari walikuwa wamevigeuza mikanda, na baadaye ofisa wa ngome, Msweden Karl Eriksson, akampelekea ngozi nzima na mafuvu mawili. Mwaka 1901 wataalamu wa London wakatangaza kwamba wamepata mnyama mpya. Ni okapi. Mpya kwao, Wambuti walikuwa wamemla siku nyingi.

Tazama mambo hayo mawili yanavyofuatana katika safari moja: watu wanaookolewa wasiwekwe kwenye maonyesho, na mnyama anayegunduliwa na mara moja kuanza kutakiwa kwa maonyesho. Okapi wa kwanza kufika Ulaya akiwa hai alifikishwa Antwerp mwaka 1919, akafa baada ya majuma machache. Mwaka 1952 kule Epulu, katika Ituri, kikajengwa kituo kizima cha kukamata okapi na kuwasafirisha. Na wale watu wa msituni, si wote waliopata Johnston wa kuwarudisha. Mwezi Septemba 1906, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na umati ukaja kumtazama. Wachungaji weusi walipiga kelele hadi akatolewa, na mahali alipopelekwa ni nyumba ya yatima. Mwaka 1916 alijiua huko Virginia. Shirika linaloendesha bustani ile liliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Shirika hilohilo, ambalo leo linaitwa WCS, ndilo lililokabidhiwa mwaka 2019 kusimamia Hifadhi ya Okapi pamoja na taasisi yetu ya taifa, ICCN. Hifadhi yenyewe iliundwa mwaka 1992, ni msitu wa kilomita za mraba karibu 13,700, na bustani za ng'ambo zinazofuga okapi zimekuwa zikichangia fedha za kuulinda kupitia mradi ulioanzishwa mwaka 1987. Antwerp, ileile ya mwaka 1919, ndiyo inayotunza kitabu cha ukoo wa okapi wote walio katika bustani za dunia: nani kazaliwa na nani, wapi, lini. Nilipojua hayo sikujua nicheke au nikasirike. Nilifanya yote mawili. Kisha nikafikiri kwamba kuna madeni ambayo mwenye kudai hana njia ya kulipwa ila kwa kumfanyisha kazi mdaiwa palepale alipokosea. Naona afadhali hivyo kuliko radhi tupu.

Na usidhani kazi hiyo ni ya salama. Tarehe 24 Juni 2012, waasi wa Mai-Mai Simba chini ya Paul Sadala, aliyejulikana kama Morgan, walivamia kituo cha Epulu, ndani ya hifadhi hiyo, kwa hasira ya kufukuzwa kwenye dhahabu na pembe za ndovu. Waliua watu, wakachoma majengo, wakawapiga risasi okapi waliokuwa kwenye maboma ya kituo. Okapi 14 walikufa. Baadhi yao walikuwa wameishi pale kwa miaka, wakila majani waliyokatiwa na Wambuti kila alfajiri, na walikuwa wamezoea kuwaona watu wakija.

Lakini nilisema natafuta mahali pa kumpeleka yatima. Mahali penyewe pako karibu na sisi kuliko Entebbe, na ilinibidi nivuke mpaka kwanza ndipo nipajue. Hayo ndiyo mazoea yetu.

Ukitoka Butembo ukapita Lubero ukaacha barabara kubwa kuelekea magharibi, unafika Kasugho, kandokando ya Hifadhi ya Tayna, ambayo wenyeji wenyewe waliianzisha kwenye ardhi ya machifu wao. Ukiambiwa barabara hiyo ni mbaya, usiamini. Ni mbaya zaidi. Mwaka 2009 pale Kasugho pakaanzishwa kituo kiitwacho GRACE cha kulea gorila yatima wa aina ya Grauer. Gorila hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo. Wale unaowaona kwenye picha za bustani za Ulaya na Marekani karibu wote ni wa magharibi, binamu tu. Wetu, inakadiriwa wamebaki 6,800, na waliorodheshwa mwaka 2016 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Nilikwenda mwaka 2016 na walimu wenzangu. Kituo hakikujengwa kwa ajili ya watalii, na hilo lenyewe lilinipendeza. Tuliwaona kwa mbali, ndani ya msitu uliozungushiwa uzio wa umeme, wakati wa kulishwa. Mlezi alikuwa kijana wa palepale Kasugho, amevaa barakoa na viatu vya mpira, ana ndoo ya karoti, viazi vitamu na mabua, vitu vilivyonunuliwa kwa mama zetu wa vijiji vya jirani. Aliwaita mmoja mmoja kwa jina. Aliyeitwa alikuja, akapewa, akatoka. Aliyetaka kuingilia zamu ya mwenzake alisubirishwa. Nilikuwa nikifundisha wanafunzi 70 darasani wakati ule, na nikamwonea wivu nidhamu yake.

Majina yenyewe ndiyo yaliyonifanya nikae kimya. Pinga. Itebero. Ndjingala. Lubutu. Lulingu. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa. Gorila wengi pale wamepewa jina la mahali walipopatikana, kwa hiyo orodha ya chakula cha jioni ikisomwa inakuwa kama ramani ya machimbo na ya vita: Walikale, Maniema, Shabunda. Katikati ya ramani hiyo kuna wengine wanaoitwa Amani, Mapendo, Tumaini. Mlezi akatueleza kwamba gorila mtoto hapatikani kwa kuokotwa. Familia humtetea. Aliyemchukua ameua kwanza, na mara nyingi hakuua mmoja.

Akatueleza pia anavyopokelewa mgeni. Kwanza karantini, kwa sababu mafua yetu sisi yanaweza kumuua. Wakati huo mtu hulala naye usiku na mchana, akimbeba, kwa kuwa gorila mchanga asiyeshikwa hufa kwa huzuni hata akiwa ameshiba. Kisha, polepole, anaonyeshwa kwa wenzake, na hapo kazi ya binadamu inaanza kupungua. Pinga, jike la zamani, ndiye aliyewapokea wengi. Yeye naye alikuwa yatima. Siku mtoto anapohama kutoka mgongo wa mlezi kwenda mgongo wa Pinga, mlezi anarudi nyuma ya uzio na hamgusi tena.

Niliuliza kama hilo haliumi. Akasema, "Linauma, mwalimu. Lakini akiendelea kunipenda mimi, nitakuwa nimeshindwa."

Nilimkumbuka Kadogo shingoni mwa binti yangu, na furaha yetu. Sisi tulitaka atupende. Tulimpa maziwa, jina, na hata kaburi, yote kwa ajili yetu. Nilimkumbuka tena miaka miwili baadaye, tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina, Mangina ileile ya meza yangu, na kwa karibu miaka miwili tukazika watu 2,287. Sisemi ilitoka kwenye meza ile. Ila nilikaa macho usiku nikihesabu mara ngapi binti yangu alimbusu yule tumbili mdomoni. Uzio na barakoa za Kasugho, ambavyo nilikuwa nimeviona kama baridi ya kizungu, nikaviona kwa macho mengine.

Nani analipa? Sehemu kubwa inatoka kwenye bustani za wanyama za mbali. Bustani ya Disney kule Florida ilikuwemo tangu mwanzo. Houston na Detroit nazo husaidia kwa fedha na kwa wataalamu. Familia inalipa kiingilio Texas kumwona gorila wa magharibi, na sehemu ya pesa hizo inakuwa karoti za mama wa Kasugho. Baadhi ya bustani hizo huwaomba wageni walete simu zao za zamani ziyeyushwe na kutumika tena, wakiwaeleza kwamba ndani ya simu mna koltani, na kwamba koltani inachimbwa katika misitu ya gorila. Nina mashaka kama simu za kabatini zitafunga shimo hata moja la Walikale. Lakini kwamba mtoto wa Marekani anaambiwa simu yake imetoka wapi, nalikubali. Ni lile swali langu la kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningeweza kulikwepa. Mwaka 2015 nilikuwa nimehamia kufundisha Beni, na mauaji ya raia yalikuwa yameanza huko tangu Oktoba mwaka uliotangulia. Baada ya safari ya Kasugho niliwaonyesha wanafunzi picha na kuwaambia habari za yatima wale, na jinsi miaka ya 2010 na 2011 Umoja wa Mataifa ulivyosaidia kuwasafirisha kwa ndege wengine kutoka Goma na kutoka Rwanda. Kesho yake mama mmoja akaja shuleni. Alikuwa amekimbia upande wa Oicha, akaacha huko mume na watoto wawili waliokatwa kwa mapanga. Akanisalimu kwa heshima zote, akakaa, akasema: "Mwalimu, mtoto wangu ameniuliza kama na yeye angekuwa gorila, ndege ingekuja."

Sikuwa na jibu. Nilianza kusema kwamba pesa za gorila si pesa za watu, kwamba hata zikikatwa leo hazitakuja Oicha, kwamba walinzi wengi wameuawa wakiilinda Hifadhi ya Virunga tangu ianzishwe mwaka 1925, nao ni watoto wa mama kama yeye. Yote kweli. Aliyasikiliza yote, akitazama mikono yake. Nikanyamaza katikati ya sentensi, maana niliona nabishana na mtu ambaye hakuja kubishana.

Alipoondoka nilijiuliza ni nini hasa kilichomuuma. Haikuwa ndege. Kule Kasugho kila yatima ana faili: siku aliyofika, alikotoka, uzito wake, aliyemleta, jeraha alilokuwa nalo, anayelala naye. Ukiuliza, unafunguliwa daftari. Mimi darasani kwangu nilikuwa na watoto wa wakimbizi ambao niliwaandika kama "mgeni" mbele ya jina, na wengine niliwajua kwa jina moja tu. Wakihama usiku, tuliwafuta. Tuliwazika watu kwa mafungu, na kwenye makaburi mengine tukaandika tarehe peke yake. Mama yule alikuwa amesikia kwamba kuna mahali katika jimbo lake ambapo aliyefiwa anaulizwa alitoka wapi, na kwamba mahali hapo si kwa ajili ya mtoto wake.

Jumamosi ile nilinunua daftari kubwa la mistari, la jalada gumu. Nikachora safu: jina lote, kijiji, aliyekuja naye, anapolala, anayempikia, anachokiogopa. Safu ya mwisho niliiandika *anakwenda wapi*, na nikaiacha wazi. Wenzangu walinicheka kidogo, wakasema mwalimu amejifunza ualimu kwa nyani. Ni kweli. Ila kufikia mwisho wa mwaka kila mmoja wao alikuwa na daftari lake. Mama yule wa Oicha ndiye aliyenisaidia kujaza la kwangu, kwa kuwa yeye alizijua nyumba zilizopokea watoto, na alijua pia zipi zilipokea ili kupata mchotaji maji. Ule nao ni ununuzi wa huruma. Kwa watoto upo, tena hauna sheria kali kama ya wanyama.

Safu ya mwisho kwa wengi bado iko wazi. Lakini kwa gorila wanne imejazwa.

Mwaka 2023 majike wanne wa Kasugho, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walibebwa kwa helikopta hadi Tshiaberimu, mlima wa Virunga unaotazama Ziwa Edward. Wazee wetu Wanande wanauita mlima wa mizimu. Gorila waliobaki mlimani hawakufika hata kumi, wametengwa na wenzao kwa mashamba pande zote, na bila damu mpya wangekwisha. Wanne wale wakawekwa ndani ya uzio mlimani karibu mwaka mzima, wazoee baridi na majani ya huko, na wa porini wakawa wanakuja kuwachungulia. Mwezi Oktoba 2024 uzio ukafunguliwa. Wakatoka, wakajiunga na dume wa porini na kundi lake. Ilikuwa miaka ileile ambayo vita vilikuwa vikipanda kuelekea Lubero, na wengi wetu tulisikia habari hiyo tukiwa tumekaa juu ya mizigo iliyofungwa.

Ndjingala alichukuliwa porini kwa bunduki, akalelewa na kijana wa Kasugho, akafundishwa ugorila na gorila wengine, akarudishwa porini na watu. Bustani za Houston na Detroit hazitamwona. Hakuna atakayelipa tiketi. Walinzi wanaomfuatilia wanakaa mbali kwa makusudi, wamevaa barakoa.

Wewe unayesoma haya Beni, Butembo, Mangina, Kasindi au Biakato, utakutana siku moja na kitu kilichofungwa kwenye mguu wa meza. Sheria namba 14/003 ya mwaka 2014 inakataza kumkamata na kumuuza mnyama anayelindwa, na wewe unayenunua umo ndani yake. Usitoe pesa, hata kidogo, hata kwa machozi. Uliza alitoka kijiji gani, liweke kichwani jina la mahali, kisha siku hiyohiyo umwambie mlinzi wa ICCN aliye karibu nawe. Na ukipita tena pale baada ya majuma matatu, usikilize kama utaitwa.